Risala ya Klabu ya Ushairi na Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Ushairi ya Shule Yetu, Ukerewe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule,
Viongozi wa kijiji na wa BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi katika mwalo wetu,
Wazazi, walezi na wanafunzi wenzetu,

Asalaam aleikum! Tumsifu Yesu Kristo! Bwana Yesu asifiwe!

Tunamshukuru Mungu aliyetujalia uzima, na tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kuvuka maji kuja kusikiliza mashairi ya wanafunzi. Karibu sana. Jisikie uko nyumbani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu yetu ilianza kama klabu ya mazingira. Tulikuwa na kitalu cha miche nyuma ya bwalo, na kila ilipofika tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, tuliitwa kutoa ngonjera. Ngonjera tunaiheshimu. Marehemu Mathias Mnyampala aliikuza baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ili siasa ya nchi imfikie hata mtu asiyejua kusoma, na mpaka leo hakuna sherehe ya shule inayokamilika bila ngonjera. Lakini tulipozipitia zile tulizoandika wenyewe, tuliona zote zinasema jambo moja: pandeni miti, tunzeni mazingira. Hakuna hata moja iliyouliza nani anakata, kwa nini anakata, na faida anapata nani. Hapo ndipo tulipoamua kuwa klabu ya ushairi pia, na jambo hilo ndilo tunalotaka kulisema mbele yako leo: shairi la mazingira lina haki ya kuuliza.

Tukueleze tunachokiona. Alfajiri mwaloni, hapa Ziwa Victoria, mitumbwi ya dagaa inarudi, karabai zikiwa bado zinawaka. Kina mama wamejipanga na ndoo, wanapatana bei, kisha wanamwaga dagaa mchangani na kuwatandaza kwa mikono kabla jua halijapanda. Mvua ikinyesha siku hiyo, mtaji umeoza. Sangara hawashuki kwenye ndoo za kina mama. Wanapimwa, wanawekwa kwenye barafu na kwenda viwandani Mwanza, na huko minofu inasafirishwa nje ya nchi. Mifupa na vichwa, yaani mapanki, ndiyo yanayorudi kukaangwa na kuuzwa kwetu. Wengi wetu hapa tumesomeshwa kwa pesa ya dagaa na mapanki, kwa hiyo hatuyadharau hata kidogo. Tunachouliza ni kwa nini mgawanyo uwe hivyo. Ubeti huu, unaomtaja ngege, samaki wa asili wa ziwa letu, tuliutunga pamoja darasani:

Minofu yapanda ndege, mifupa ndo tulo nayo,
Ziwani adimu ngege, wavuvi wakata moyo,
Kalamu nayo ipige, mbiu ya mgambo hiyo,
Ziwa lisije tuage, tukabaki na kiliyo.

Mheshimiwa, kisiwa hiki si kigeni kwa kalamu. Mzee Aniceti Kitereza aliandika hapa hapa, kwa Kikerewe, habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Alimaliza mwaka 1945, na kitabu kikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980, akiwa amebakiza muda mfupi wa kuishi. Na Profesa Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo mwaka 1944, kabla sangara hajapandikizwa katika ziwa hili. Utoto wake ulipita wakati ziwa lina furu, samaki wadogo wa asili, wa aina mamia, wengi wao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Sangara aliletwa miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 furu walikuwa wamepungua vibaya, aina nyingi zikatoweka. Yalifuata magugu maji, yakaziba ghuba na gati. Mambo hayo yote yalitokea ndani ya umri wa mtu mmoja.

Kezilahabi tunampenda pia kwa ujasiri wake. Diwani yake ya Kichomi ilipotoka mwaka 1974 na mashairi yasiyofuata vina wala mizani, wanamapokeo walimjia juu wakisema hayo si mashairi. Mjadala uliendelea kwa miaka. Yeye alitaka mshairi aweze kutumia lugha ya watu ya kila siku kusema mawazo mazito, na katika diwani zilizofuata hakuogopa kuihoji siasa ya wakati wake. Katika klabu yetu ugomvi huo bado uko hai! Wapo wanaoamini kwamba bila vina hakuna shairi, na wapo wanaosema vina vinawabana. Mwalimu wetu mlezi ameruhusu vyote viwili, nasi tunaona amefanya vizuri, kwa sababu mambo mengine yanataka kuimbwa na mengine yanataka kusemwa taratibu tu.

Wala kuyachukua maumbile na kuyasemesha siasa si jambo tulilolizua sisi. Marehemu Haji Gora Haji wa Tumbatu alimwonyesha msomaji kimbunga kinachong'oa mibuyu, na kila aliyesoma akajua si habari ya upepo peke yake. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa sababu ya maandishi aliyoyaita Kenya: Twendapi? Humo gerezani alitunga mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni, na katika mashairi hayo yumo mamba anayejidai kwa nguvu zake. Sisi watoto wa ziwani mamba tunamjua. Ndiyo maana shairi lile tulilielewa kabla mwalimu hajalifafanua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba usituelewe vibaya. Hatukuja kumlaumu mtu. Katiba ya nchi yetu, ibara ya 27, inamtaka kila mtu alinde maliasili, na ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa kutoa mawazo yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mwanachama wetu mmoja wa kidato cha tatu alizihesabu mita hizo kwa miguu, kutoka majini kuja nchi kavu, akaandika shairi la alichokikuta: matuta ya mihogo, shimo la mchanga, choo, visiki. Hakuweka neno la kulaumu hata moja, lakini mtu mzima mmoja aliyelisoma alishauri lisisomwe hadharani kwa kuwa "linagusa watu". Sisi tunasema shairi lisilogusa watu litalindaje ziwa la watu? Hali ni hiyo hiyo kwenye nyavu haramu za makokoro na timba. Nyavu zinachomwa moto hadharani, na ni sawa zichomwe, maana zinazoa hata samaki wachanga. Ila shairi letu linamuuliza pia aliyezinunua na aliyeziuza, kwa sababu kijana anayekamatwa nazo mara nyingi ni kibarua.

Pamoja na hayo, klabu yetu ina changamoto. Maktaba haina diwani za kutosha. Wasakatonge na Malenga Wapya tunazisoma kwa kupokezana, na za Kezilahabi tunazisoma kwa kunakili kwenye madaftari. Kitalu chetu hukauka kila likizo kwa kukosa mtu wa kumwagilia, ingawa ziwa tunaliona kutoka hapa tulipo.

Tunaomba utusaidie kupata vitabu vya ushairi, hasa vya waandishi wa kisiwa hiki. Tunaomba pampu ndogo na mipira ya maji kwa ajili ya kitalu, nasi tutatoa miche ya michungwa, miembe na mivule kwa kaya zilizo karibu na mwalo. Tunaomba uongozi wa kijiji na BMU waturuhusu kusoma mashairi yetu mwaloni mara moja kila muhula, wavuvi na kina mama wa dagaa wakiwepo, nao watujibu, hata kwa shairi.

Ombi la mwisho ni dogo. Baada ya risala hii, mwenzetu atasoma lile shairi la mita 60, lote, kama alivyoliandika. Tunakuomba ulisikilize, kisha upokee nakala yake ukaisome pamoja na wahusika ofisini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa Klabu ya Ushairi na Mazingira