Tusitie mrututu kwenye matangi ya samaki wa baharini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wa Kigoma wanaofuga samaki wa baharini majumbani, na hasa na wanaowauzia dawa. Mimi ni fundi friji hapa Mwanga. Siku hizi naitwa pia kutengeneza pampu na taa za matangi, na ninayoyakuta yananiumiza.

Majuzi niliitwa kwenye nyumba moja ya wageni. Mwani wa rangi ya damu ya mzee ulikuwa umetanda mchangani, umejaa vipovu, na ukiushika unabanduka kama utando wa maziwa yaliyochemka. Mwenye nyumba alikuwa ameshauriwa dukani atie mrututu, ile dawa ya chenga za buluu, akatia. Kulipokucha konokono walikuwa wamedondoka kwenye kioo na kamba wote wamekufa. Mwani ulififia kidogo, kisha ukarudi.

Lazima ungerudi. Mrututu una shaba, na shaba hata kidogo huua konokono, kamba na matumbawe. Isitoshe, hunasa kwenye mawe na mchanga ikawa inatoka polepole, kwa hiyo ukinunua konokono wengine nao wamo hatarini. Na mwani uliokufa ukiachwa uozee mle mle, unarudisha majini mbolea ileile iliyoukuza.

Mbolea hiyo ni naitreti na fosfeti, zitokanazo na kinyesi na makombo ya chakula. Pale samaki walikuwa wanamwagiwa unga wa dagaa asubuhi na jioni, mwingi unazama bila kuliwa. Taa inawaka hadi usiku wa manane. Pampu imeelekezwa juu, huku chini maji yametuama, na huo mwekundu, ambao hasa ni jamii ya bakteria, hustawi penye maji yaliyotulia. Tuliunyonya kwa mpira, tukageuza pampu, taa ikawa saa 8 tu kwa siku, chakula kile kinachoisha mara moja, na kila wiki sehemu moja ya kumi ya maji inabadilishwa. Sasa mchanga unaonekana.

Maji yakipungua kwa joto, ongezeni yasiyo na chumvi, kwa kuwa chumvi haiondoki na mvuke. Tena chumvi yetu ya Uvinza, naipenda sana, ila iacheni jikoni: bahari ina pia magnesi na kalisi, na tangi linahitaji chumvi iliyochanganywa kwa kazi hiyo, kama gramu 35 kwa lita. Vumbi la kahawia kwenye tangi jipya lisiwatie hofu, mara nyingi huisha lenyewe.

Ndugu zangu wauza dawa, nawaomba: mteja akija kulalamikia mwani, muulizeni kwanza anafuga nini, analisha kiasi gani na taa inawaka kwa saa ngapi kila siku. Mrututu ubaki kwenye rafu.

Fundi friji,
Mwanga, Kigoma