Barua kwa mwanangu: elementi ninayoipenda

Mwanangu mpendwa,

Natumai hujambo na masomo yanakwenda vizuri. Sisi huku hatujambo. Barua yako nimeisoma, na swali lako nimelicheka kwanza kabla ya kulifikiria: "Baba, kati ya elementi zote 118, wewe unaipenda ipi?" Unasema darasani mmegawanyika makundi mawili, la dhahabu na la zebaki, na yuko mwenzenu mmoja anayeng'ang'ania oksijeni eti kwa kuwa bila hiyo tungekufa. Huyo mwambie hiyo ni shukrani, si mapenzi.

Wapenzi wa dhahabu huwa nawatilia shaka, maana wengi wao hupenda kile inachonunua. Ila ipo sababu moja ya kuipenda ambayo sina ubishi nayo, nayo ni rangi yake. Metali karibu zote ni za kijivu au zina weupe wa fedha. Dhahabu ina protoni 79 katika kiini chake, na protoni hizo huvuta elektroni za ndani kwa nguvu hata zikaenda kwa zaidi ya nusu ya kasi ya mwanga. Zikifika hapo, kanuni za Einstein kuhusu vitu vinavyokwenda kasi mno zinaanza kuonekana ndani ya atomi yenyewe: nafasi za elektroni zinabadilika, dhahabu inameza mwanga wa buluu, na unaorudi machoni kwetu ni wa njano. Zebaki ni jirani yake, namba 80, na kwa sehemu kubwa ni kanuni hizo hizo zinazoifanya iwe majimaji. Kwa hiyo makundi yenu mawili yanagombea kitu kimoja. Zebaki nayo ipende kwa mbali. Ni kweli kipande cha chuma huelea juu yake kama kizibo, lakini mvuke wake hauna rangi wala harufu, na unaharibu ubongo.

Wengine hupenda bismuthi kwa ajili ya fuwele zake za ngazi ngazi zenye rangi za upinde wa mvua. Rangi hizo ni utando mwembamba tu wa oksidi. Mimi kinachonipendeza ni kwamba bismuthi ni nururifu, yaani atomi zake huvunjika zenyewe, ila hufanya hivyo polepole mno, kiasi kwamba hadi mwaka 2003 hakuna aliyekuwa ameweza kulithibitisha hilo.

Kuna na wale wanaochagua elementi kwa umri wao. Wewe umetimiza 15, basi ya mwaka huu ni fosforasi, namba 15, utake usitake. Iligunduliwa mwaka 1669 huko Hamburg na Hennig Brand, aliyekuwa akichemsha mkojo kwa wingi akitumaini kupata dhahabu. Akapata kitu kinachong'aa gizani. (Usimsimulie mama yako wakati wa kula.)

Sasa yangu. Yangu ni galiamu, namba 31, na sijawahi kuibadilisha.

Mwaka 1869 mkemia Mrusi, Mendeleev, alipopanga jedwali lake la elementi, aliacha nafasi tupu. Pale ambapo elementi zilizojulikana hazikukaa sawa hakuzilazimisha. Alisema kuna nyingine haijapatikana. Mwaka 1871 akaieleza ile inayokosekana chini ya alumini: uzito wa atomi karibu 68, densiti (uzito wake ukilinganishwa na maji ya ujazo ule ule) karibu 5.9, na kwamba itayeyuka kwa joto dogo. Mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran, akipima mwanga wa madini ya zinki kutoka milima ya Pyrenees, akaona mistari miwili ya zambarau ambayo hakuna aliyewahi kuiandika. Ikawa ndiyo yenyewe. Lakini densiti aliyopima ilikuwa 4.7. Mendeleev, ambaye hajawahi kuitia machoni hata chembe yake, akamwandikia kwamba bila shaka sampuli yake si safi, apime tena. Mwenzake akaisafisha upya, akapima, akapata 5.9.

Hebu fikiri, mwanangu. Aliyekuwa nayo mkononi alirekebishwa na aliyekuwa nayo kwenye karatasi, na wa karatasi ndiye aliyekuwa sahihi!

Nayo yenyewe ina vituko. Inayeyuka kwenye nyuzi 29.8 za Selsiasi. Ukiweka kipande kiganjani, mwanzo unahisi ubaridi wa metali yoyote ile. Kisha kona zake zinalegea, kinazama katikati ya kiganja, na mara unashika dimbwi dogo linalong'aa. Tofauti na zebaki, haikimbii. Inanata kwenye ngozi na kuacha doa la kijivu linalotoka kwa sabuni. Ikipoa na kuwa ngumu inatanuka kama maji yanavyofanya, kwa hiyo chupa ya kioo iliyojaa inaweza kupasuka. Na usidhani ni kitu cha kuchezea tu: ikiunganishwa na naitrojeni ndiyo inayotoa mwanga wa buluu ulioleta taa nyeupe za LED, kazi iliyowapa Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014.

Kuna kipande ninacho, na nilitaka kukutumia pamoja na barua hii. Haiwezekani. Galiamu ikigusa alumini hupenya katikati ya chembechembe zake, na alumini iliyokuwa imara inavunjika kwa vidole. Ndege zimejaa alumini, ndiyo maana galiamu imo katika orodha ya mizigo ya hatari. Kwa hiyo utakipata ukija likizo. Simu yako, kama fremu yake ni ya alumini, uiweke chumba kingine kabla hujaomba kukishika. Na uje na jibu lako wewe, maana umeniuliza yangu na umewataja wenzako wote, ila hukusema uko kundi gani.

Mama yako anakusalimu sana.

Ni mimi baba yako akupendaye.