Msonge na baraza vinakaa kiwanja kimoja

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala ya ukurasa wenu wa ujenzi iliyotuonya tusichanganye mitindo miwili katika nyumba moja, eti mwisho wake ni nyumba isiyo na kichwa wala miguu, na mafundi kula hela zetu. Mwandishi anashauri tununue ramani iliyokwisha kuchorwa na tuifuate ilivyo. Mimi ni mkunga mstaafu, mzaliwa wa Pangani niliyeolewa Usukumani, na tunajenga Luchelele hapa Mwanza kwenye kiwanja ambacho nusu yake ni mawe. Naomba nafasi nimjibu.

Hizo ramani za kwenye simu nimeziona. Zote zinaanza na kiwanja kilicholala kama meza. Ukiileta ramani hiyo kwenye vilima vyetu, kazi ya kwanza inakuwa kuondoa majabali. Watu wanarundika magogo juu ya jiwe, wanakoka moto, jiwe likishapata joto linachanika tabaka kwa tabaka, ndipo nyundo inapoingia. Mtaa mzima unakula moshi. Halafu mawe ya Mwanza mengi yamekaliana. Ukichokonoa la chini, la juu halikuulizi litalala wapi. Sisi jabali kubwa tumeliacha, na nyumba ndiyo imelizunguka. Tulichojihadhari nacho ni kutoweka chumba cha kulala karibu nalo, maana linashinda juani mchana kutwa na usiku linarudisha joto lote.

Sasa hiyo mitindo miwili. Mume wangu amekulia Magu, kwenye kaya yenye nyumba za mviringo za msonge, ua wa minyaa, na shikome ambako wazee waliota moto jioni na vijana wakafundwa. Alitaka msonge. Mimi nilitaka nyumba ya kwetu Pwani: baraza mbele, kisha daka, yaani ukumbi mdogo wa kupitia kuingia ndani, kisha ua wa ndani ambako mtu anapika na kufua bila kuonwa na kila mpita njia. Mwandishi wenu angetuambia tuchague. Tungechagua, mmoja wetu angeishi nyumbani kwa mwenzake mpaka kufa.

Mbunifu wetu (amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na naomba watu wawe wanauliza) hakutuuliza tunapenda nini. Alituuliza kila tunachokitaka kilikuwa na kazi gani kilikotoka. Swali hilo lilipunguza ugomvi nyumbani. Vyumba vya nyumba za mawe za Pwani ni vyembamba kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake. Hapa nikinakili wembamba ule nimenakili shida ya watu wengine. Chokaa nayo inapendana na matumbawe, yale mawe ya baharini ya kuta za Pwani, kwa kuwa yana matundu, inaingia na kushika. Jabali letu halinywi kitu. Hivyo vyote nimeviacha Pangani. Baraza nimekuja nalo. Kiwanja kinatazama magharibi, ziwani. Upepo wa mchana unatoka huko, na jua la saa kumi linatoka hukohuko. Baraza pana lenye paa la kushuka linalikata jua na kuuachia upepo upite.

Msonge nao una mambo yake. Kabati la ukutani kwenye ukuta wa mviringo ni kichekesho, na kitanda kinaacha upenyo nyuma wa kukusanya vumbi na ndala zilizopotea. Kwa hiyo duara ni sebule tu. Viti vinafuata ukuta, kila mtu anamwona mwenzake usoni, na mume wangu shikome yake kaipata. Vyumba, jiko na bafu viko kwenye banda lililonyooka.

Kulijenga hilo duara kulinifanya nishinde saiti kama niliyeajiriwa. Fundi alisimika nondo katikati, akafunga kamba, akazunguka anachora kwa chokaa. Tofali za bloku hazipindi, zinaacha mapengo upande wa nje yanayokula mota, basi akatumia tofali za kuchoma na kuzilaza kichwa nje. Mapengo yakawa ya kidole. Lakini kazi yenyewe iko kwenye lenta, ule mkanda wa zege na nondo unaopita juu ya kuta. Kwenye nyumba ya kawaida tunaiona lenta kama kitu cha kubeba ukuta ulio juu ya milango na madirisha. Kwenye msonge, kenchi zote zinaegemeana kileleni, na huku chini zinasukuma ukuta kwenda nje pande zote. Lenta ndiyo inayouzuia usifunguke, kwa hiyo nondo lazima zizunguke mduara mzima na pale zinapokutana zipishane vya kutosha. Mama mkwe wangu, mayu, alipoiangalia alisema misonge ya zamani nayo ilizungushiwa fito hapohapo. Mayu hajaingia darasani hata siku moja.

Mahali ambapo mitindo inagombana kweli ni paani. Fundi bati alitaka kulishonea paa la duara kwenye paa lililonyooka, aweke mfereji katikati. Mvua za ziwa hili zinakuja na upepo, na mfereji wa namna hiyo ukiziba majani mara moja, dari ya jipsamu inashuka na maji yake. Mbunifu akalitumia daka langu. Kati ya sebule na banda kuna daka fupi, paa lake ni zege, liko chini kuliko mapaa yote mawili. Mapaa hayagusani. Kila moja lina gata lake, na maji yote yanaishia kwenye tangi.

Gharama ipo, sikatai. Bati la msonge linakatwa pembetatu na vipande vinabaki. Kuku wangu watalala chini ya bati jipya. Na kwenye jambo moja niko na mwandishi: nguzo za Kirumi zinazobandikwa mbele ya nyumba za paa la kuficha, hazibebi chochote, zinaziba upepo tu. Ila hayo ni mapambo. Aliye na shaka kama mitindo miwili inaweza kukaa pamoja aende Kisesa akalione kanisa la Bujora, la Kikatoliki na la mviringo wa Kisukuma, lililojengwa enzi za Padri David Clement.

Ombi langu ni kwa halmashauri zetu mbili, ya Jiji la Mwanza na ya Manispaa ya Ilemela. Mnapogawa viwanja vya mlimani, wapeni watu na mifano ya ramani za mlimani. Wengi wanakimbilia ufukweni kwa kuogopa mawe, ilhali Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ziwani ziachwe, na mwaka 2020 ziwa lilipofura wengi waliona maji yakiingia sebuleni.

Mwandishi wa makala namkaribisha Luchelele. Awahi kabla plasta haijapigwa, ili aione ile lenta, na avae viatu vya kupandia mawe.

Mkunga mstaafu,
Luchelele, Mwanza