Kabla ya kikao cha Jumamosi

Mpendwa Neema,

Bwana Yesu asifiwe. Kwa hiyo wazee wameshapanga: kaka yako aombe radhi mbele ya ukoo, wewe useme umesamehe, mbuzi achinjwe, na nyumba ya marehemu baba isitajwe tena. Haraka yote hiyo ya nini?

Mzee wa kanisa atafungua Mwanzo 45, Yusufu akilia na kuwakumbatia ndugu zake. Ni pazuri, ila watu hurukia hapo tu. Yusufu hakujitambulisha siku ya kwanza. Aliwatia kifungoni siku 3, akamzuia Simeoni, akajitenga akalia, akarudi kusema nao kama mgeni. Alijifunua baada ya kumsikia Yuda, yule yule aliyetoa wazo la kumuuza, akiomba abaki mtumwa badala ya Benyamini. Huyo kweli alikuwa amebadilika. Kaka yako je? Kodi ya vyumba vya nyumba hiyo ya baba si bado anakula peke yake?

Na hata walipopatana, Yakobo aliishi Misri miaka 17, alipokufa wale ndugu wakaingiwa na hofu kwamba sasa Yusufu atalipiza. Miaka yote hiyo wanakula chakula chake!

Everett Worthington, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye mama yake mzazi aliuawa, hutenganisha uamuzi wa kutolipiza kisasi na kupoa kwa moyo. Uamuzi unaweza kuufanya leo. Moyo una ratiba yake, wala kikao hakiupangii. Kupatana ndiyo kabisa, kunahitaji wawili.

Lakini usiache kwenda. Murray Bowen, daktari wa akili, aliona kuwa anayekata mguu kwao huondoka na ugomvi ule ule, akaja kuufufua kwenye ndoa yake. Na wewe simu za mama umeanza kuzikwepa, usinibishie.

Wakikutajia saba mara sabini, waambie warudi juu kidogo katika Mathayo 18 hiyo hiyo: aliyekosewa amwendee ndugu yake wakiwa wawili tu, kwanza. Omba hilo Ijumaa, kabla ya mbuzi. Beba nakala ya barua ya mirathi, muulize kodi imekwenda wapi, umsikilize. Akijibu vizuri, Jumamosi utakuwa na la kusema. Akikujia juu, waambie wazee kisasi huna, ila hesabu unaisubiri.

Shangazi mwenye kelele mkalishe mbali nawe. Ukitoka kwa kaka nipigie, hata usiku.

Wako,
Mama Eliya