Mlipoita baraza bughudha

Mhariri,

Ile ripoti yenu ya maduka mapya ya kisasa hapa Tanga nimeisoma mara mbili. Tangu nistaafu reli sijaandika barua gazetini, na hii nisingeiandika kama si pale mlipowaita wakaa barazani bughudha kwa wateja. Wakaa barazani ni sisi.

Mwandishi wenu amehesabu vigae, kamera na viyoyozi. Hakuuliza hapo zamani palikuwa na nini. Palikuwa na duka la Mpemba: mlango mmoja, mizani ya mawe, na baraza ya saruji iliyong'aa kwa kukaliwa. Alasiri muuza kahawa akipita, bao linachezwa, na aliyetaka chumba cha kupanga au mtu wa kumwangulia nazi aliulizia hapo. Mama yangu alipofariki, usiku wa manane, Mpemba alifungua duka bila kuombwa. Akatoa sukari, mchele na bafta ya sanda, akaandika kwenye daftari, akalifunga. Deni lile hakunikumbusha mpaka nilipokwenda mwenyewe kulilipa, mwezi wa tatu wake. Na kulipopambazuka habari ya msiba ilishafika Makorora na Chumbageni. Mimi sikutuma mtu. Ilitoka pale barazani.

Sasa sikilizeni yaliyonipata mwezi uliopita. Natoka hospitali na mjukuu wangu wa miaka sita, mwili unamchemka, jua la saa saba. Nikaingia duka hilo jipya, lililojengwa palepale kwa Mpemba, nikamnunulia maji, kisha tukaketi kwenye ngazi kumngoja baba yake. Akaja mlinzi, kijana wa umri wa wanangu. "Shikamoo mzee." Nikaitika marahaba. "Samahani mzee wangu, hapa hapakaliwi. Ni agizo." Risiti ninayo mkononi, mtoto amenilalia begani. Tukainuka, tukasimama juani. Yule kijana simlaumu, kwao wanamtegemea, na macho yake aliyainamisha. Nawalaumu waliotoa agizo, na nawalaumu ninyi mlioliita maendeleo. Mahali nilipokaa miaka arobaini, nikapewa pole za mama yangu, nikasikia posa ya binti yangu, leo nina haki ya kuwapo kwa muda wa kutoa pesa tu.

Msidhani nalilia shida za zamani. Mwaka 1976 ilipokuja Operesheni Maduka, watu binafsi walifungiwa maduka ili ya ushirika yashike nafasi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 nimepanga foleni ya sabuni na unga wa njano tangu alfajiri. Sitaki irudi. Lakini hata kwenye foleni ile nilijua nani kajifungua na nani kalala njaa, kwa sababu tulizungumza. Humu ndani unachukua mwenyewe, unalipa, unatoka. Mtindo huo aliuanzisha Clarence Saunders huko Memphis, Marekani, mwaka 1916, alipofungua duka la vyakula ambalo mteja hujichukulia bidhaa rafuni. Wauzaji wakipungua bei hushuka, sikatai. Ila aliyepunguzwa ndiye aliyekuwa akikujua kwa jina na kwa ukoo.

Na kwa kuwa mmetutolea mfano wa Marekani, mngemtaja na Victor Gruen, mzaliwa wa Vienna, aliyesanifu Southdale kule Minnesota, jengo la maduka lililoezekwa lote, likafunguliwa mwaka 1956. Alikusudia watu wapate pa kukutana kama katikati ya mji aliozaliwa. Wenye mitaji walichukua maduka na maegesho ya magari, mengine wakayaacha. Uzeeni aliyakana majengo hayo.

Maegesho nayo! Tanga, mji wa baiskeli, mji tambarare ambao muuza samaki na mwalimu wote wanakanyaga pedeli, duka limetenga nafasi za magari na baiskeli haina hata nguzo ya kuegemea. Unaambiwa uiache ng'ambo ya barabara, ikiibwa shauri yako. Hilo ripoti yenu haikuliona.

Ninachotaka ni hiki. Halmashauri ya Jiji isitoe leseni kwa duka kubwa lolote mpaka liwe na benchi la mbao la mita tatu, liwekwe upande wa mashariki, ambako kivuli huingia baada ya adhuhuri. Pembeni uwekwe mtungi wa maji na kata yake, na ubao wa kubandika matangazo ya misiba. Akae anayenunua na asiyenunua. Kwa benchi la kwanza mbao nitatoa mimi, na seremala nimeshazungumza naye.

Mstaafu wa reli,
Ngamiani Kati, Tanga