Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira: tusilipie mbegu za miti kwa kilo

Mheshimiwa Waziri,

Kampeni ya Kenya ya kupanda miti bilioni 15 ina mwaka wake wa mwisho, 2032. Mbegu za miti ya asili zinazoingia vitaluni, hata hivyo, bado huuzwa kwa kilo, na kilo haisemi lolote kuhusu uhai. Mkulima akinunua pakiti ya mbegu za mahindi hukwangua stika ya KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu, akahakiki kama ni halali. Anayenunua gunia la mbegu za mtarakwa, mti wa asili, akwangue nini?

Chukua magunia mawili ya mbegu za mti wa aina moja. La kwanza ni shilingi 2,000 kwa kilo, usafi (sehemu ya uzito iliyo mbegu halisi, si takataka) asilimia 95, uotaji asilimia 70. La pili ni shilingi 1,000, usafi 80, uotaji 30. Afisa wa ununuzi atachagua la pili, na kwenye karatasi hajakosea. Sasa zidisha: kila kilo ya gunia la kwanza ina gramu 665 za mbegu hai, ya la pili gramu 240. Kilo moja ya mbegu hai inagharimu takriban shilingi 3,010 kwenye gunia la ghali na 4,170 kwenye la rahisi. Hapo hatujahesabu udongo, mifuko na maji yaliyomwagiliwa mapepe, yaani mbegu tupu.

Kupima hakuhitaji jengo jipya. Sampuli itolewe juu, katikati na chini ya kila gunia, kwa sababu vumbi na mapepe hujitenga na mbegu nzito safarini. Anayechota kiganja cha juu tu hupima kile muuzaji anachotaka kipimwe. Changanya, gawa nusu kwa nusu, kisha hesabu mbegu 100 bila kuchagua na uzipasue kwa wembe au kikata kucha. Kwa miti mingi, mbegu nzima huwa imejaa ndani, imekaza, nyeupe au rangi ya krimu. Iliyozeeka imesinyaa, iliyooza ni ya kahawia. Kwenye migunga utakuta buu aliyekwisha kula kila kitu kabla hajatoboa ganda, na kwa nje mbegu ni safi kabisa. Mtarakwa ndio mdanganyifu mkubwa: tupu na iliyojaa hufanana kama pacha.

Kipimo cha uotaji nacho kinaweza kudanganya. Mgunga uliosiwa bila kumwagiwa maji ya moto utaota kidogo, na mtu ataandika kwamba fungu zima limekufa kumbe limelala. Mbegu ya mukau (Melia volkensii) imo ndani ya kokwa ngumu: kokwa ipasuliwe, mbegu ichanjwe ganda, ilowekwe. Ripoti isiyosema mbegu ziliandaliwaje haina maana. Kwa zile zinazochelewa kuota ipo tetrazoliamu, dawa inayozipaka wekundu sehemu zilizo hai. Lakini anayesoma lazima ajue pa kutazama: ncha ya mzizi ikibaki nyeupe, kwa kawaida mbegu hiyo haihesabiki hata kama kwingine kote ni kwekundu.

Muiri (Prunus africana) na muthiga (Warburgia ugandensis) ni shauri lingine. Hizi hazitaki ghala. Zivunwe mtini zikiwa zimeiva, zimenywe nyama, zioshwe, zipunge upepo kivulini na zipandwe upesi. Zabuni inayodai zikaushwe kama mgunga hulipia kuziua, na malipo yanayochelewa miezi mitatu humfanya mkusanyaji azishike hadi ahakikishiwe pesa. Zikifika kitaluni zimekwisha.

Kuna kasoro ambayo wembe hauioni. Mti uliosimama peke yake kando ya barabara huweza kutoa mbegu zinazoota vizuri, kumbe zote ni ndugu wa tumbo moja, nyingine zimetokana na mti kujichavusha wenyewe. Udhaifu huja kujitokeza msituni, miaka baadaye. Fungu zuri hutoka kwenye miti mama isiyopungua 30, iliyoachana mita 100 hivi, kila mmoja ukichangia kiasi sawa. Nani atatembea hivyo wakati gunia hujaa chini ya mti mmoja na bei ni ile ile?

Tunaomba waraka mmoja kwa kila kitalu kinacholipwa na serikali. Lebo iseme spishi, msitu na mwinuko ilikotoka, tarehe ya kuvuna, idadi ya miti mama, usafi, unyevu, uotaji na siku ya kipimo. Malipo yafuate mbegu hai. Kwa muiri, muthiga na zilizo kama hizo, pasueni mbegu siku ya kupokea na mlipe siku hiyo hiyo. Kituo cha mbegu cha KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, huko Muguga kina ujuzi wa kufundisha kaunti, na kaunti inaweza kuanza na mizani, wembe na tanuri la nyuzi 103 la kupimia unyevu.

Mwaka wa fedha huanza Julai. Waraka ukitoka kabla ya hapo, utazikuta zabuni bado hazijaandikwa.

Ni sisi,
Wakusanyaji na wapimaji wa mbegu za miti ya asili