Gari la zimamoto halitapita Nyamugo

Ndugu Mhariri,

Kila mara nyumba zinapoungua Kadutu, hapa Bukavu, kelele ni ileile: gari la zimamoto liko wapi? Swali ni la haki. Lakini tuseme gari limefika, maji tele, dereva yuko macho. Litapita wapi? Kutoka barabarani hadi nyumba nyingi za Nyamugo, mtaa wetu, ni ngazi za udongo na vichochoro ambavyo hata jeneza hupitishwa kwa kuinamishwa. Ziwa Kivu tunaliona pale chini, lakini maji yake hayapandi mlima.

Ndiyo maana mimi sidai gari kwanza, nadai nafasi. Nyumba zetu za mbao zinagusana, na moto hupanda mlima haraka kuliko unavyoshuka: joto lake huzikausha mbao za jirani wa juu kabla ndimi hazijazigusa. Kichochoro walichokiacha wazee leo kimejengwa jiko, kesho choo. Chefu wa avenyu, yaani mkuu wa barabara yetu, anaona, na mara nyingine ruhusa imetoka kwake.

Halafu nyaya. Mwenye umeme huwagawia majirani wanne kwa waya mwembamba uliolazwa juu ya mabati. Waya wa milimita mraba 1.5 ni wa taa. Ukiuunganisha na reshoo, yaani jiko la umeme, na pasi kwa pamoja, unachemka ndani ya plastiki yake. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Fyuzi iliwekwa ili ife yenyewe kabla waya haujaungua. Sisi ikikatika mara ya pili tunaifunga kwa kipande cha shaba, na fundi tunamsifu kwamba sasa haikatiki tena! Umeme nao huondoka pasi ikiwa imechomekwa. Mtu anakwenda zake sokoni, na umeme unaporudi, nyumbani hakuna mtu.

Esanse, yaani petroli, ndiyo inayonitisha zaidi. Anayeiuza kwa chupa kando ya barabara, usiku huingiza mabidoni (madumu) chumbani wanamolala watoto, penye buji (mshumaa) na mbabula (jiko la makaa). Si lazima bidoni limwagike. Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi ukutane na mwali, na moto hurudi nao mpaka kwenye bidoni. Nafahamu kwamba biashara hiyo inalisha familia. Basi wauzaji wa avenyu moja watafute kibanda kimoja mbali na nyumba, wakilinde kwa zamu.

Kwa mama anayekaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, neno moja tu: mafuta yakishika moto, usimwagie maji. Maji huzama chini ya mafuta, hugeuka mvuke papo hapo na kuyarusha yakiwaka hadi darini. Funika sufuria kwa kifuniko, uiache palepale mpaka ipoe.

Ombi langu kwa wakuu wa kartye (mtaa) ni hili: kabla kiangazi cha Juni hakijaanza, salongo moja, kazi yetu ya pamoja ya mtaa, isiwe ya kufagia mifereji. Mpite kila kichochoro na watu wawili wenye ndoo mikononi. Wakishindwa kupishana, kilichojengwa njiani kibomolewe, hata kama ni jiko la shemeji yake chefu.

Mkaaji wa Nyamugo,
Kadutu, Bukavu